Makalio ya Wombati na Mihogo ya Mlali

Jumatatu, 14 Julai

Na tena makalio ya wombati ni magumu kama ubao! Hilo sikummalizia Pendo jana, usingizi ulimchukua nikiwa katikati ya maelezo. Hata akilala ni mzuri, mke wangu. Nikimwona anaanika nguo nasahau nilichokuwa nafanya.

Wombati ni mnyama wa Australia. Mnene, mfupi, sura ya mtu aliyeamshwa mapema. Mchana analala shimoni, giza likiingia anatoka kula majani. Adui akija, anakimbilia shimoni kichwa kwanza na makalio yanaziba mlango. Basi! Adui atang'ata mpaka achoke. Huishi peke yake. Maskini, hana Pendo wake.

Leo Mjomba Tomasi, mjomba wa mke wangu, amepiga simu. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimesimama. Kwa hawa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Nungunungu anamaliza mihogo yake huko Mlali. Atakayemkomesha, sisi au shemeji Geofrey, mtoto wa mama mdogo wa Pendo, atapewa kiwanja cha kando ya kijito. Kiwanja! Sisi tumepanga chumba kimoja Bigwa, na mwenye nyumba hukohoa kila tukicheka. Pendo ameshachagua upande wa jiko. Lazima nishinde.

Jumanne, 15 Julai

Nimepata! Wombati hunya vinyesi vya pembe nne, kama vitofali. Huviacha juu ya mawe kuwaambia wengine kwamba hapa pana mwenyewe. Nungunungu naye ataelewa.

Nimechukua samadi kwa jirani, nikaifinyanga kwenye trei ya barafu ya friji tuliyozawadiwa harusini. Vimetoka vizuri ajabu! Pendo akaniuliza kwa upole kama naijua njia ya mtoni. Nikasema naijua. Akasema basi niipeleke trei huko, na nisirudi nayo.

Hata akikasirika ana sauti tamu kama ya kanda ya muziki.

Alhamisi, 17 Julai

Jana nilipanga vitofali juu ya mawe kuzunguka shamba zima. Leo asubuhi nimefika Mlali: mihogo imeliwa, vitofali havipo!

Geofrey kavikusanya vyote kwenye matuta yake ya mchicha. Akanishukuru mbele ya Mjomba. Eti shemeji, mbolea yako imekuja imekatwa kabisa, sijatumia hata jembe. Halafu akauliza kama kwetu Tabora ng'ombe wote wanakunya matofali, maana ndiyo sababu Wanyamwezi tuna nyumba nyingi. Utani wa makabila, siwezi kumshtaki popote. Nikamjibu kwamba Waluguru wangekuwa na akili wasingenipa binti yao. Mjomba akasema hilo hata yeye ameanza kuliwaza.

Geofrey anajenga uzio wa miti. Uzio! Hana ubunifu kabisa.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nimelala kifudifudi.

Mpango ulikuwa safi. Nungunungu mchana amelala. Ninaziba shimo lake kwa makalio, kiwombati. Anakosa njia, anasalimu amri, Mjomba analia kwa furaha. Nilivaa suruali mbili za jinzi. Pendo alinishika mkono akasema Nasibu, mume wangu, nakuomba. Nikambusu kwenye paji la uso, nikalikalia shimo.

Jambo moja sikulifikiria. Nungunungu naye hushambulia kinyumenyume. Tulikutana mgongo kwa mgongo.

Nasikia ukelele wangu ulifika barabarani. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini kwenye mihogo. Geofrey alilazimika kushika mti. Nungunungu akatokea tundu la pili nyuma ya kichaka, akaondoka zake taratibu kama mzee atokaye kwenye kikao.

Pendo alinitoa miiba kwa koleo. Kila mwiba, alipuliza. Kwa kweli nisingekubali kuukosa hata mmoja.

Jumatatu, 21 Julai

Kiwanja ni chetu!!!

Jumamosi ile ile, mimi nikiugulia kwenye mkeka, Pendo alichukua jembe. Akaziba matundu yote mawili kwa mawe na udongo, akarundika matawi ya miiba juu yake. Nungunungu kahama, mihogo haijaguswa tangu hapo. Uzio wa Geofrey bado uko nusu.

Mjomba amempa Pendo kiwanja. Amesema wazi kwamba ni cha Pendo, na kwamba mimi nisikanyage pale na wazo lolote mpaka nitakapoitwa. Pendo alilia, nami nikalia, mwenye nyumba akakohoa.

Mzee ana aibu tu, hataki kunisifu mbele ya watu. Bila mimi nani angejua kuna tundu la pili?

Sasa nyumba. Nimetazama habari za mchwa. Kichuguu kina mifereji ndani, hewa inapanda na kushuka yenyewe, hakuna feni, hakuna bili ya umeme! Nimechora nyumba ya mviringo, ndefu, haina dirisha hata moja. Pendo bado hajauona mchoro. Itakuwa zawadi.

Mjomba kasema nisubiri kuitwa, lakini ana mambo mengi, anaweza kusahau. Kabla mwezi haujaisha nitakwenda Mlali kumtembelea.