Mtoto wa Mira na Samaki Wangu

Jumatatu, 8 Februari 1999

Mvua tangu asubuhi. Mjumbe wa tribunali ameingia depo mbele ya wateja. Ameniita kwa jina lote, Éliézer Kabamba, kwa sauti ya mtu anayeuza kuku. Alhamisi niende mahakamani, kwa juge. Mira Mbuyi amenishitaki. Anataka nimlishe mtoto.

Mira! Nilimwona mara ya mwisho mwaka wa 1993, dirishani mwa gari la moshi, siku zile watu wa Kasai walipofukuzwa huku kwetu. Alikuwa na mimba. Nilimpungia mkono vizuri kabisa. Nikadhani mambo yamekwisha: yeye Kasai, mimi Kamina, katikati reli tupu. Nani angefikiri vita hii mpya ingemrudisha huku? Sasa anauza mikate kwa wake wa basoda, askari wa ile kambi ya Base, na ana msichana, Glodie.

Sina hofu. Mtu asiye na kazi halipi. Kila mwanaume wa Kamina anajua hivyo. Kwa hiyo nitakuwa mtu asiye na kazi. Kesho nitamwomba Papa Mputu, mwenye depo, aseme mbele ya juge kwamba amenifukuza. Tunauza unga na samaki wakavu wa Kinkondja, na tangu vita ianze hatupewi franga, tunapewa chakula. Samaki akishaliwa, nani atathibitisha kwamba alikuwa mshahara?

Nalala nikicheka.

Jumanne, 9 Februari

Papa Mputu amenisikiliza hadi mwisho. Yeye ni shemasi. Amesema hawezi kudanganya mkono wake ukiwa juu ya Biblia. Nikamsihi. Nikamkumbusha miaka yangu yote kwenye mizani yake. Akafikiri, akanywa chai, akasema ameona njia. Nilifurahi sana.

Njia yenyewe: amenifukuza kweli.

Sasa, amesema, atakwenda kwa juge na roho safi. Ameniombea baraka. Kabla ya saa sita Xavier, mpakua mizigo, alikuwa amekalia kiti changu. Xavier, ambaye huhesabu samaki huku akigusa kila mmoja kwa kidole! Ameniuliza kama nimeacha kofia yoyote ya kazi. Nimemwambia kofia ni yangu. Nimeondoka kwa heshima, kwenye mvua.

Si kitu. Hoja yangu sasa ina nguvu zaidi.

Alhamisi, 11 Februari

Tribunali imejaa, nusu yake wakimbizi kutoka kaskazini wenye kesi zao za viwanja. Juge Abdias ni mtu mfupi, mtaratibu, hacheki. Nimesimama, nimetoa hoja ya kwanza: sina kazi. Papa Mputu ameapa kwamba ni kweli. Vizuri kabisa!

Juge akaniuliza: "Leo asubui ulikula?"

Nikasema nilikula bukari, ugali wetu, na sombe la majani ya muhogo kwa mama yangu.

"Basi na mutoto atakula. Kazi inaweza kuisha. Mutoto haiishe."

Mtego! Ningesema nimefunga.

Hoja ya pili: hatukufunga ndoa. Akasema hajaniuliza habari za ndoa, ameniuliza habari za mtoto. Hoja ya tatu: Mira hajawahi kumleta nimwone, kwa nini nilishe mtu nisiyemjua? Akasema chakula cha mtoto si tiketi ya kumtazama. Nikitaka kumwona niombe, nitapewa siku yangu. Tumbo lake halitangojea siku hiyo. Karani wake hata hakuinua kichwa. Inaonekana anayasikia haya kila Alhamisi.

Ikabaki hoja kubwa: mtoto si wangu. Shahidi: mama yangu mzazi, ambaye hajawahi kusikia habari za mimba hiyo. Nilikuwa nimemsafisha, nimemvika kitenge kipya, nimemfundisha maneno. Mira akamsukuma msichana mbele. Mama akatazama. Akapiga yowe kwa Kiluba, akaita jina la marehemu baba yangu, akavuka chumba bila ruhusa, akamkamata mtoto masikio.

Masikio ya baba! Yamesimama kama mikono ya sufuria. Yangu pia yako hivyo, ndiyo maana huvaa kofia. Juge akaniamuru niivue.

Watu walicheka. Wakimbizi! Watu waliopoteza nyumba zao, na wanacheka.

Hukumu: kila juma nipeleke beseni la unga na fungu la samaki, na shule nilipe mimi. Nisipopeleka, vitu vyangu vitakamatwa. Lakini kumpa mtoto jina langu hakunilazimisha leo. Amesema kwa sasa mimi ni mwenye kulisha tu, la jina litakuwa na siku yake. Hapo nimeshinda. Nilimwona Mira akiinamisha macho. Alikuwa anataka jina kuliko samaki. Nimetoka mlangoni kichwa juu, bila kofia.

Jumamosi, 13 Februari

Vitu vyangu ni vichache: kitanda, redio isiyosema, na kinga. Kinga ni baiskeli nzuri ya Kichina, haina kelele hata moja. Hiyo ndiyo wataitaka. Kwa hiyo leo, mbele ya majirani, nimempa mama yangu kinga hiyo. Nimesema kwa sauti kubwa kwamba ni yake tangu leo, mimi sina haki nayo tena. Majirani wakashuhudia. Acha tribunali waje sasa!

Mama alinishukuru kwa machozi. Akaisukuma hadi barabarani. Nikadhani anaijaribu.

Jioni amerudi kwa miguu. Amempa Mira. Anasema mwanamke hawezi kubeba beseni la mikate kichwani hadi Base kila siku, huku amembeba mjukuu wa Mama mgongoni. Nimemwambia kinga ni yangu. Akaniuliza kwa upole kama aite majirani tena.

Jumapili, 14 Februari

Mama alimleta mtoto baada ya ibada bila kuniuliza. Glodie ana miaka mitano na nusu. Alikula bukari kama fundi wa reli. Kisha akauliza maswali. Kwa nini redio haisemi. Kwa nini ndege za basoda zinapita juu ya kanisa letu, hakuna njia nyingine? Kwa nini mimi nafunika masikio.

Nikasema ni kwa sababu ya baridi.

"Minyi sifunike," amesema, akijigusa kifua. "Ndege ikitoka mbali, njo minyi nasikia mbele ya bote. Tulipokimbia, mama alikuwa ananiuliza minyi."

Nilimpa kichwa cha samaki. Ndicho kipande bora. Sijui kwa nini nilimpa.

Wakati wa kuondoka aliniita papa mbele ya jirani. Nilimwambia aniite Monsieur Éliézer. Akajaribu, akashindwa, akarudi kwenye papa. Mama alifurahi mno. Nimeona hatari iko wapi: wiki chache za hivi na sitaweza tena kukataa kitu chochote. Lazima niondoke Kamina kabla ya beseni la kwanza.

Jumatano, 17 Februari

Nimepata dawa! Soda, yaani askari, hashitakiwi ovyo. Anakaa Base, anakula Base, mjumbe wa tribunali hapiti kizuizi. Na mimi ni mtu wa depo, najua mizani. Watanipa ghala la chakula.

Nimekwenda kwa miguu, asubuhi nzima kwenye matope. Njiani Mira alinipita kwa kinga yangu. Hakugeuka. Kengele aliipiga, lakini.

Sajini Bolingo, anayeandikisha vijana, amenipokea kama ndugu. Nikamweleza habari za ghala. Akasema ghala lipo, ndiyo, wanatafuta mtu. Akauliza kama nina mtoto. Nikajibu haraka: sina hata mmoja! Akafurahi. Anasema wenye watoto huwa anawaacha nyuma, maana wanalia usiku, na wasio na mtu huwapeleka mbele. Nikauliza ghala liko wapi. Akasema ghala liko ndani ya kamyo, lori la jeshi, na kamyo inakwenda kaskazini, kwenye mapigano. Mtunza ghala wa kwanza hakurudi. Wa pili pia.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanipa viatu. Vilikuwa na alama ya vidole vya mtu mwingine ndani.

Nikasema nimekosea, nina mtoto! Akasema kila mtu hupata mtoto akiona viatu. Basi niwe na neno la juge lililoandikwa kabla ya kesho mchana, kamyo itakapowasha injini. Jina langu analo, nyumbani kwangu anapajua.

Nimerudi mbio. Nilipofika nilimkuta mama anapika sombe, nikakaa karibu na moto kama mtoto. Sikutaka kufa. Nataka kuliandika hilo wazi.

Alhamisi, 18 Februari

Nilikuwa mlangoni pa tribunali kabla ya karani. Juge Abdias alipofika nikamshika mkono. Nikasema mimi ndiye baba! Nataka kuandika! Masikio ni yangu, mimba ilikuwa yangu, niliona kwa macho yangu gari la moshi likiondoka nayo!

Akasema nikae. Akasema juma lililopita nilikana mbele ya watu wote, na mtoto si mwavuli wa kufungua siku ya mvua. Mama yake lazima aitwe, aseme kama anakubali.

Mira alikuwa Base anauza mikate! Nikamtuma jirani. Jua likapanda. Kila kamyo iliyopita barabarani nilienda nyuma ya kabati. Mwishowe nikasikia kengele ya kinga yangu. Sijawahi kupenda kengele hivyo.

Mira alisimama bila kukaa, unga wa mikate mikononi. Juge akamweleza. Akanitazama. Ningekuwa yeye, ningesema hapana. Hakika ningesema hapana, ningekwenda kutazama kamyo ikiondoka.

"Iko baba yake," akasema. "Sikukuya kumusaidia yeye. Nilikuya juu ya mutoto. Mutoto akiuliza baba iko wapi, sitaki kumujibu alikufa. Batoto bengi banajibiwa vile sasa."

Karani akainua kichwa.

Kisha Mira akaongeza masharti: jina, shule hadi sekondari, na nguo za Noeli. Nikasema ndiyo. Juge akaongeza kwamba Papa Mputu anirudishe kazini, na fungu la mtoto litoke depo moja kwa moja hadi kwa mama yake, lisipite mkononi mwangu. Nikasema ndiyo. Wangeniambia nilishe na karani, ningesema ndiyo.

Sajini alipita nyumbani mchana, akasoma neno la juge, akachukua viatu. Kwa mbali nilisikia kamyo inapanda kilima.

Jumatatu, 22 Februari

Nimerudi depo. Papa Mputu ameniombea baraka tena. Napakua mizigo, kiti ni cha Xavier, naye amenifundisha jinsi ya kuhesabu samaki kwa kidole. Leo fungu la kwanza lilitoka. Unga mweupe, samaki wa Kinkondja wanene kuliko wote. Xavier aliwachagua kwa makusudi. Nimewabeba mwenyewe hadi kwa Mira, maana mpakua mizigo ni mimi.

Glodie alikimbia kunipokea. Mira alipokea beseni mlangoni, akasema asante, akafunga. Nilibaki nje kidogo. Alikaanga vitunguu, akatia nyanya, kisha samaki wangu. Harufu ilivuka ukuta! Kwetu tunakula sombe.

Ndipo nikapata wazo. Sijui kwa nini sikuliona tangu mwanzo. Lingenipunguzia taabu nyingi. Nikimwoa Mira, beseni linatoka depo, linakwenda kwa mama wa mtoto, na mama wa mtoto anakaa kwangu. Hukumu imetimizwa yote, na samaki nakula mimi. Na kinga inarudi! Juge mwenyewe hataona pa kunishika.

Kesho nitavaa shati jeupe, nitakwenda kumposa. Posa yenyewe haitanigharimu kitu, nitamwambia nimekwisha kuanza kumlisha. Atafurahi tu. Mwanamke gani atakataa mtu aliyejitokeza mwenyewe mbele ya juge?