Vita vya Apollinaire na Vane ya Tonton Hervé

Karibieni, enyi watu wa Kadutu hapa Bukavu, na ninyi wa Mudaka mliokuja sokoni na mihogo, tueni mizigo mnisikilize. Na wewe unayeziba pua kabla sijaanza, ngoja kwanza. Ninamsimulia Apollinaire mwana wa Philémon, fundi bomba, bwana wa spana tatu, aliyeshuka ngazi za Kadutu asubuhi ya mvua kwenda kupigana na kidude kisichozidi kiganja cha mkono.

Jueni kwamba alimpenda Carine, binti wa Maman Godelive, na kwamba kila wazee wake walipopeleka posa, Maman Godelive aliwajibu neno moja tu: tutaona. Mtu akilishwa "tutaona" miaka miwili, hata usingizi humkimbia.

Sasa, Tonton Hervé, kaka yake Maman Godelive, alikuwa ameleta kutoka Ubelgiji gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, akaliegesha uani kwa dada yake, kisha akapanda ndege akarudi zake. Loo, choo kile! Siku za ubatizo wa mjukuu, ukoo mzima ulipanga foleni kukijaribu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza vitu vinakwenda wapi. Waliamini kwamba choo kilichotoka Ulaya hujua chenyewe cha kufanya. Siku ya kumi na mbili gari likajibu. Harufu ilivuka ukuta, na kesho yake akina maman wa parokia walikuwa waje kusali uani hapo hapo.

Maman Godelive akamtuma jirani amwitie fundi yeyote, kimyakimya. Jirani akamleta Apollinaire. Balaa gani hii, jamani! Anayeposa hathubutu hata kumtazama mama wa binti usoni, sembuse kuchungulia yaliyomtoka. Maman Godelive alipomwona akiingia na spana, aliona aibu hata akajifungia ndani ya gari lile lile, yeye na harufu yake.

Apollinaire akaunganisha mpira kutoka kwenye tangi la uchafu la gari hadi shimo la choo cha nyumba, akajilaza matopeni chini ya gari, uso kwa uso na adui: vane, kile kibamba cha plastiki kinachofunga tangi. Akavuta kwa mkono, haikusogea. Akavuta kwa koleo. Mshikio ukalia, naye akaacha upesi, kwani ungekatika, ya ukoo yangebaki palepale na "tutaona" ingekuwa "hapana". Aliogopa, nasema kweli.

Ndipo aliponena kupitia sakafu, kwa sauti ya jemadari:

"Maman, mimi Apollinaire niko hapa chini. Sikuangalii, na wewe usiniangalie, heshima iko mahali pake. Lakini hii vita siiwezi peke yangu. Utie maji ku moto, na unitafutie mawese."

Jiko la gari likawashwa. Dirishani likashuka birika lililofungwa kwa kitenge, ikafuata chupa ya mawese. Apollinaire akaimwagia vane maji ya moto, akaipaka mawese, akangoja muda wa rozari nzima, ambayo Maman Godelive aliisali juu naye akaitikia chini. Kisha hakuvuta kwa hasira. Alisukuma kidogo, akavuta kidogo, akasukuma, akavuta, na vane ikafunguka.

Yakaenda! Yalikwenda kwa ngurumo, ya shangazi wa Minova pamoja na ya wajomba wote, mpaka tangi likabaki tupu.

Juu ya sakafu mtu akaanza kucheka. Maman Godelive alicheka hata gari likatikisika, na Apollinaire naye akacheka, matope yamemfika masikioni. Kisha hukumu ikashuka:

"Apollinaire, sikia. Mwanaume mwenye ameona yetu yote na hakukimbia, huyo iko mutu wa nyumba. Ambia wazee yako wakuje dimanche, nyuma ya misa."

Basi na iandikwe kwamba siku hiyo, saa nne na dakika kumi, vane ilifunguka Bukavu. Na Apollinaire mshindi akapanda tena ngazi za Kadutu akinuka vibaya mno, umati wote ukimpisha njia, naye akiwapungia mkono.