Gari Moja, Arifa Nyingi

Watu walimwita Shemeji kwa sababu yeye ndiye aliyeanza. Kila aliyekutana naye alikuwa shemeji yake kabla salamu hazijaisha, na kabla ya kuagana shemeji huyo alikuwa amepungukiwa na kitu.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye duka la intaneti, akisubiri nakala za cheti ambacho hakukisomea. Jirani yake, bwana mmoja mwenye tumbo la heshima, alikuwa akitazama viatu kwenye kompyuta. Alitazama kwa uvivu, mkono shavuni, kama mtu asiye na nia ya kununua hata kamba zake. Mara pembeni mwa skrini kikachungulia kijisanduku: *Mteja mwingine anaviangalia viatu hivi sasa hivi.* Kikakaa kidogo, kikafifia, kikaenda zake.

Yule bwana alishtuka kama aliyekanyagwa. "Nani huyo?" akaiuliza kompyuta. Kompyuta haikujibu. Bwana akanunua jozi mbili.

Shemeji akasahau cheti. Miaka yote hiyo amelia machozi ya kweli kwa misiba ya uongo, amejifanya mkandarasi, mjane na nabii, kumbe watu wanaamini kijisanduku kisicho hata na mdomo!

Akamwendea mwenye duka, binti mwembamba aliyeitwa Kibodi kwa sababu vidole vyake havikutulia hata akiwa anakula.

"Dada, vile vinavyochungulia na kupotea, unaweza kunitengenezea?"

"Arifa? Naweza. Unataka rangi gani? Kijani ni ya heri, nyekundu ya shari, njano ya kuwaweka watu roho juu."

"Nipe njano, shemeji. Nyingi."

"Zikae muda gani kabla ya kupotea?"

Shemeji akakuna kidevu. "Ziwahi kusomwa, zisiwahi kufikiriwa."

Kibodi alimtazama kitambo, kisha akatabasamu. "Umekosea kazi, kaka. Ungekuwa fundi," akasema, na vidole vikaanza kukimbia.

Bidhaa ilikuwa gari la Shemeji mwenyewe, la rangi ya fedha, lililong'arishwa mpaka ungeweza kunyolea ndevu mlangoni pake. Ndicho kitu pekee alichowahi kukipata kihalali, na hata yeye hakuelewa ilitokeaje. Hakuwa na nia ya kuliuza. Nia yake ilikuwa kupokea vishika nafasi, yaani malipo ya awali ya kuwekewa gari, kutoka kwa kila mwenye tamaa mjini, halafu alipande gari hilohilo na kuhama nalo. Anwani aliyoiweka kwenye tovuti ilikuwa ya duka la Kibodi, kwa kuwa yake mwenyewe hakupenda ijulikane. Kibodi ndiye aliyeunganisha mambo ya malipo. Shemeji alimwambia asimchoshe na maelezo.

Wa kwanza kunasa alikuwa mwenye bucha. Alifungua tovuti akiwa na kisu mkono wa pili, akasema bei ni ya wizi. Kijisanduku cha njano kikatokea: *Daktari mmoja ameomba kuliona gari hili.* Mwenye bucha akaweka kisu chini. Kikaja kingine: *Amepiga simu mara ya pili.*

"Hawa madaktari!" akafoka. "Kila kitu kizuri wao!" Akalipa kishika nafasi papo hapo.

Daktari alikuwepo kweli, daktari wa meno. Yeye aliambiwa na kijisanduku chake kwamba mfanyabiashara wa nyama amekwisha kuweka mkono, akalipa huku mgonjwa amekaa kinywa wazi akisubiri. Wa tatu alikuwa mpiga picha za harusi, aliyelipa katikati ya kukata keki.

Kila walipolipa, simu ya Shemeji ilitoa kijisanduku cha kijani: *Malipo yamepokelewa.* Alivipenda vile vya kijani. Akila, aliegemeza simu kwenye glasi ili asipitwe na hata kimoja. Hakuwahi kujiuliza kwa nini yeye peke yake, kati ya watu wote, vijisanduku vimwambie ukweli.

Siku aliyopanga kuondoka, tayari amepakia mabegi na gari liko mbele ya duka la Kibodi, akaja mama mmoja mwenye miwani, kitambaa kichwani na tepu ya fundi cherehani shingoni.

"Mwanangu, hili ndilo gari lenyewe? Nalitaka leo. Nalipa bei mara mbili."

Shemeji akakohoa. "Mara mbili, mama?"

"Nimechoka kubeba vitambaa kichwani. Au haitoshi?"

Kuna nyakati tamaa humjia mtu ikiwa imevaa tai na kubeba mkoba, na yeye akaiita akili. Shemeji akapiga hesabu haraka: kwa hela hiyo angenunua gari jingine huko aendako na kubaki na chenji ya maana. Mama akabonyeza simu yake taratibu kwa kidole kimoja. Simu ya Shemeji ikalia, kijani kikachanua: *Malipo yote yamepokelewa. Hongera!*

Akatia saini kadi ya gari, akatoa funguo, akashusha mabegi, akamfungulia mama mlango. "Endesha salama, mama yangu."

"Nitajitahidi," akajibu mama, na akaondoka kwa kasi isiyolingana na miwani yake.

Shemeji akaenda kwenye mashine ya kutolea pesa. Mashine ikafikiri, ikamtolea karatasi nyembamba yenye salio la mtu maskini. Akajaribu nyingine. Nayo haikumjua. Akarudi mbio kwenye duka la Kibodi, akakuta limefungwa kwa kufuli jipya. Hapo mlangoni simu ikalia tena, safari hii njano: *Shangazi yangu amefika salama. Anasema gari linawaka vizuri kuliko lile jokofu ulilomuuzia.*

Jokofu! Shemeji hukumbuka pochi, hakumbuki sura, lakini jokofu lile alilikumbuka. Halikuwa na mota. Ndani alikuwa ameweka matofali ili liwe na uzito wa heshima.

Akiwa bado anaishangaa simu, wakatokea watatu, kila mmoja kwa njia yake: mwenye bucha amevaa koti la sikukuu, daktari wa meno ananukia marashi, mpiga picha ameshika kamera tayari. Kila mmoja alikuwa ameletewa kijisanduku kilekile: *Kishika nafasi chako kimerudishwa. Umeshinda gari bure. Njoo dukani ulichukue leo.* Hela zao kweli zilikuwa zimerudi, kwa hiyo na gari wakaliamini.

"Liko wapi gari langu?" akauliza mwenye bucha.

"Lako?" wakasema wenzake kwa pamoja.

"Jamani," Shemeji akasema, na sauti ikamtetemeka bila yeye kuipangia, "nimetapeliwa. Gari limechukuliwa."

Wakacheka mpaka daktari akavua miwani kuipangusa. Kisha mwenye bucha akaacha kucheka, akamshika mkono kwa mshiko wa mtu aliyezoea kubeba mapaja ya ng'ombe. "Umetapeliwa? Vizuri. Twende kituoni ukashtaki. Tutakusindikiza."

Kituoni, askari wa zamu, mama mnene mwenye sauti ya upole, akafungua ukurasa mpya. "Nani hapa ameibiwa?"

"Mimi hela yangu imerudi," akasema mwenye bucha. Daktari na mpiga picha wakasema hivyohivyo. Shemeji akanyoosha mkono, peke yake.

"Umeibiwa nini?"

"Gari, afande. Nilimuuzia mama mmoja, hakulipa."

"Na hawa watatu ni mashahidi?"

"Hawa... nao nilikuwa nimewaahidi."

"Gari lipi?"

"Hilohilo."

Kalamu ikasimama. Askari akainua macho, akawatazama wale watatu, akamrudia Shemeji. "Hebu anza mwanzo, baba. Polepole. Usiruke kitu."

Shemeji akafumbua kinywa. Akaona akilini gari lake la rangi ya fedha, likipendeza kuliko siku zote. Nyuma ya askari akaona mlango wa chuma. Akamtazama mwenye bucha. Akafumba kinywa.

"Afande," akasema, "samahani kwa usumbufu. Sasa ndiyo nakumbuka. Sikuibiwa. Nilimpa shangazi zawadi."

"Zawadi?"

"Kwa hiari yangu."

"Una moyo, wewe," akasema askari, akaanza kuandika. "Basi tia saini hapa, mtu asije akamsumbua mama wa watu na gari lake."