Nimekubali Kote Kuwili

Jumamosi, 4 Oktoba

Alhamdulillahi. Mwaka mzima niko hapa Kismayu naomba kazi ya kufundisha Kiingereza ng'ambo, najibiwa kimya. Leo zimeingia mbili kabla sijamaliza anjera yangu ya asubuhi. Moja Sur, Oman, sekondari ya wavulana. Nyingine Trabzon, Uturuki, kituo cha lugha. Zote zataka jibu upesi.

Nimemsomea Shangazi Mwanahija. Amelia kidogo, akapangusa macho kwa leso, kisha akauliza huko watakuwa wananipa chakula gani. Ndiye aliyenilea tangu kambi ya wakimbizi ya Mombasa. Akinipeleka shule ya kambini hata siku ambazo mimi mwenyewe sikutaka kwenda. Kila neno la Kiingereza nililonalo lina mkono wake, ingawa yeye anajua maneno mawili tu, na moja analitamka vibaya. Namshukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Sasa, nichague ipi? Oman: joto kama letu, samaki kama wetu, adhana nitaisikia bila kuitafuta. Nyumba ya bure kwa mwalimu mwenye mke. Uturuki: milima, mvua, chai kila saa. Chumba cha bure kwa mwalimu asiye na mke. Nimelitafakari jambo hili kwa kina, muda wa kikombe kimoja cha chai. Nimekubali kote kuwili. Viza itakayotoka mbele ndiyo riziki yangu. Wale wengine nitawaomba radhi kwa Kiingereza kizuri.

Oman nimewaandikia nina mke. Uturuki nimewaandikia sina. Sioni uongo hapo. Lubna ni mchumba wangu, huu mwaka wa pili. Mchumba ni nusu ya mke. Kila upande nimeupa nusu yake.

Jumapili, 5 Oktoba

Balaa kituoni kwetu. Tunafundisha juu ya duka la mabati, mimi na mwenzangu Rashad, meza zetu zaelekeana. Leo Rashad ametangaza kwamba ameomba kazi Oman. Sur. Sekondari ya wavulana. Ameambiwa ni wa pili. Yuko mtu mmoja mbele yake, na huyo mtu akiteleza tu, nafasi ni ya Rashad. Amesema anamuombea dua huyo mtu, akose au apate penye kheri zaidi.

Aliyasema haya huku akinigawia sambusa zake. Nikala. Za nyama, nzuri sana.

Ubaya wa Rashad ni kwamba hana ubaya. Kiingereza chake ni cha polepole na sahihi. Changu ni cha mbio. Nikiwa mwalimu mkuu wa Sur, nikawasikiliza wote wawili siku moja, najua ningemchukua nani. Kwa hiyo Rashad asibaki pale nyuma yangu akisubiri niteleze. Lazima apende nchi nyingine.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemsifia Uturuki wakati wote wa mapumziko. Milima. Mvua. Supu. Nikamwambia kule kapera anaheshimiwa, na Rashad ni kapera hasa. Nikamwambia kituo cha Trabzon kina nafasi tele. Hili sina hakika nalo, lakini nililisema kwa nia njema.

Macho yake yaling'aa. Nikakaa naye, nikamsaidia kuandika maombi, nikayatia maneno matamu ambayo mwenyewe hangethubutu kujiandikia. Alinikumbatia mbele ya darasa la watu wazima. Akasema tangu mama yake afariki hajapata mtu wa kumsukuma mbele namna hii. Kisha akanifundishia kipindi changu cha mchana ili nikapumzike.

Sikuweza kupumzika. Niliona haya mpaka baada ya alasiri. Halafu zikapoa.

Jumanne, 7 Oktoba

Mwalimu Mukhtari, mkuu wa shule ya Sur, amenipigia kwa video. Mzee mpole, ndevu nyeupe, Kiswahili safi. Bibi yake alikuwa mtu wa Pemba. Amesema nyumba ipo. Amebakiza jambo moja dogo. Kabla ya mkataba hupenda kumsalimia mwalimu pamoja na mkewe. Mwaka jana mke wa mwalimu mmoja alishuka kwenye ndege, akaiona nchi ilivyo kavu, akarudi na ndege iliyofuata, mumewe nyuma yake amebeba begi. Kwa hiyo Jumapili, mimi na mke wangu.

Nikasema mke wangu atafurahi sana.

Simu ilipokatika nikakaa kwenye ngazi.

Kisha nikaenda kwa Lubna. Anauza dawa kwenye famasi ya karibu na soko. Nikamweleza kando, kwa sauti ya chini, kila kitu: akae pembeni yangu, atoe salamu, aitikie kwa kichwa, basi. Yeye akaendelea kupanga chupa za dawa ya kikohozi.

"Nikae kama mke wako," alisema.

"Saa moja tu."

"Na saa ya pili niwe nani?"

Aliingia mteja wa dawa ya minyoo. Sijawahi kumfurahia mtu mwenye minyoo kiasi kile. Lakini alihudumiwa haraka, akatoka.

"Mimi si mchu wa saa moja, Mzamil," alisema Lubna. Akikasirika humtoka Kibajuni, na mtu huwa mchu. "Ukitaka mke Jumapili, oa Ijumaa. Baba nitampigia mwenyewe."

Jumatano, 8 Oktoba

Shangazi alijua kabla yangu kwamba naoa. Nimeamka nimekuta wanawake wa mtaa mzima uani wakichagua mchele, wakaniimbia nikiwa na mswaki mdomoni. Mmoja ameleta sufuria ambayo mimi na wewe tungeweza kukaa ndani.

Nikajaribu kuahirisha. Nikamtumia Lubna ujumbe kwamba haifai kumsumbua Mzee Sadiq, baba yake. Ni fundi wa mashua kule Koyama, ana kazi mikononi, hatuwezi kumtoa kisiwani ghafla. Lubna akajibu kwamba baba ameshaweka shoka chini na kesho asubuhi atakuwa Kismayu. Nikampokee.

Nimemwambia Shangazi ninaogopa. Akasema hilo ndilo neno la kwanza la maana kulisikia kwangu wiki hii, akanipa ukoko wa wali.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimempokea Mzee Sadiq kwa bajaji. Vumbi la mbao bado limo kwenye ndevu. Tulipofika barabara ya lami akanigeukia.

"Binti yangu umemweka mwaka na zaidi," akasema. "Leo haraka ya nini?"

Nilikuwa nimejiandalia maelezo ya aina tatu, yote mazuri. Hakuna hata moja lililokuja. Yakanitoka ya kweli: Oman, nyumba ya bure, nilichoandika, Mwalimu Mukhtari anayetaka kumwona mke. Dereva wa bajaji alipunguza mwendo ili asikie vizuri.

Mzee Sadiq akageuka, akatazama nje. Nikaanza kuaga Oman moyoni, na Lubna pia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Oman naweza kuiaga. Lubna nilishindwa.

"Mama yake Lubna, Mungu amrehemu, nilipomposa nilimwambia nina mashua," akasema Mzee. "Nilikuwa na mbao mbili."

Nikamgeukia.

"Lakini niliiunda," akasema. "Wewe utaiunda?"

Nikasema, "Nitaiunda, baba." Dereva akasema inshallah.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeoa.

Baada ya sala ya Ijumaa, msikiti wa mtaani kwetu. Mkono wangu ndani ya mkono wa Mzee Sadiq, mgumu kama kasia. Nikasema nimekubali, na kwa mara ya kwanza wiki hii nilikuwa nakubali jambo moja tu. Rashad alisimama kulia kwangu. Joho lilikuwa lake, kaniazima. Jodari mzima aliyeliwa na watu wote alikuwa wake pia, kambeba mwenyewe begani kutoka sokoni.

Tulipotoka alininong'oneza habari njema. Trabzon wamemchukua. Palepale. Aliwaandikia ukweli wote: kwamba ameelekezwa kwao na mwenzake Mzamil, mtu muungwana ambaye Ijumaa anaoa na karibuni anahamia Oman na mkewe.

Nikafungua simu kati ya msikiti na biriani. Trabzon wananipongeza kwa ndoa. Wananipongeza kwa Oman. Wanashukuru kwa kuwaletea mwalimu mzuri. Walikuwa na nafasi moja, na sasa imejaa.

Nilikasirika. Nilikasirika vizuri kabisa, mpaka Rashad alipoketi karibu yangu, akachambua samaki, akaniwekea minofu upande wangu wa sinia na miiba upande wake. Unamkasirikiaje mtu kama huyo? Nikala. Nina kazi moja sasa, kama watu wengine.

Lubna alikuwa amevaa rangi ya kijani. Sina Kiingereza cha kueleza alivyokuwa. Kiswahili pia sina.

Jumapili, 12 Oktoba

Tulikaa mbele ya simu, Lubna na mimi, hina yake haijaanza kufifia. Nilikuwa nimemfundisha majibu yote. Mwalimu Mukhtari akatoa salamu, akauliza hali, akaeleza joto la Sur. Kisha, kwa upole wake:

"Mmeoana lini, binti yangu?"

Hilo sikumfundisha.

"Juzi, Ijumaa," alisema Lubna.

Mzee akavaa miwani, akasoma kitu mezani kwake, akaivua.

"Mumeo aliniandikia wiki iliyopita kwamba ana mke."

Nikafungua mdomo. Lubna akanitangulia.

"Alikosea wakati, Mwalimu. Alitaka kuandika 'nitakuwa na mke', akaandika 'nina'."

"Na huyu ni mwalimu wa Kiingereza?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo maana anahitaji kazi, azoee."

Mabega ya Mwalimu Mukhtari yakaanza kutikisika. Nilidhani anakohoa. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka akatafuta kitambaa. Alipotulia alinitazama mimi, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mzamil, wanafunzi wangu ni wavulana wa miaka kumi na sita. Ukiwadanganya, watakukamata siku ya kwanza, na hawatakuwa wapole kama mimi. Nyumba ni yako. Lakini uje naye. Ukija peke yako nitakurudisha na ndege ileile."

Baada ya simu Lubna aliniapisha. Nisiandike tena popote jambo ambalo halipo. Niliapa, mkono kifuani, na niliapa kwa moyo. Shangazi, aliyekuwa nyuma ya pazia muda wote, akasema amina.

Alhamisi, 16 Oktoba

Alhamdulillahi, tena na tena. Mkataba umefika, umetiwa saini. Rashad ameshanunua koti. Mzee Sadiq amerudi Koyama. Ameagiza tumpelekee picha ya bahari ya Sur, aone mashua za huko zimeundwaje. Shangazi ananifundisha kupika samaki wa nazi, asije Lubna akachoka akiwa ugenini. Asubuhi nilikaa uani nikawahesabu watu waliotaka niende vizuri, na wengi wao nilikuwa sijawafanyia lolote la kustahili. Nimebadilika. Najihisi mtu mwingine.

Mchana huu ofisi ya shule imeniandikia. Nyumba zimebaki mbili. Moja ina chumba kimoja, dirisha laelekea jiko la bweni. Nyingine ina vyumba vitatu na roshani ya kuona bahari, ila hiyo ni ya wenye watoto. Wanauliza, kwa adabu kabisa, tuna watoto wangapi.

Kiapo nilikikumbuka, nisisingiziwe. Lakini Lubna nilimwapia kuhusu jambo ambalo halipo, na watoto si kwamba hawapo. Hawajafika. Mwalimu Mukhtari mwenyewe ameshanizoea kwa kukosea wakati. Na Lubna anapenda kuona bahari.

Nimejibu wawili. Mapacha.

Ofisi imefurahi sana, imeomba majina kwa ajili ya tiketi. Nimewapa: Nuha na Fuad. Lubna yuko famasi mpaka jioni. Bado hajui kwamba amejifungua.