Sikulitaja Neno la Siri

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeitwa mwalimu! Si kwa barua, ni kwa mdomo tu. Lakini mdomo wenyewe ni wa Daktari, na Daktari hasemi ovyo. Naandika upesi kabla furaha haijapoa.

Miaka kumi na tisa natunza maabara ya kompyuta ya chuo. Nafungua, nafunga, nafuta vumbi, nawafukuza wanaoleta chai karibu na kibodi. Shule niliishia kidato cha pili. Mengine nimeyaokota kwa kusikiliza mihadhara nikijifanya napanga viti. Sasa kitivo kinatafuta mkufunzi msaidizi wa somo la Misingi ya Usalama wa Mitandao, na Daktari, mama anayelifundisha, amesema hataki kusoma makaratasi tu, anataka kuona nani anajua kufundisha. Tumebaki wawili: mimi na fundi wa kompyuta wa maktaba. Mimi namwita Vyeti. Anavyo kumi, vyote vimo kwenye fremu.

Utaratibu ni huu. Daktari ameweka faili moja kwenye seva ya maabara, ndani yake sentensi moja. Wanafunzi wamegawanywa. Walinzi wanalilinda, nami nawaongoza. Washambulizi wanatafuta njia ya kulifungua bila kuvunja kitu. Hao wako na Vyeti. Kama mpaka Ijumaa saa sita mchana hakuna aliyeisoma sentensi, tumeshinda. Na nafasi, Mola akipenda, ni yangu.

Walinzi wameniachia nichague neno la siri. Refu, herufi kubwa na ndogo, tarakimu, alama. Nikakumbuka harusi yangu, kiatu cha kushoto kilivyotumbukia kisimani nikaolewa mguu mmoja peku. Nani atawaza hilo? KiatuKisimani98! Na alama ya mshangao imo humo humo. Wakapiga makofi. Nikaapa mbele yao na mbele ya Mungu kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwangu.

Jioni nikamweleza baba watoto habari ya kiapo. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mke wangu, siri kwako ni mpangaji. Hamalizi mwezi."

Nimemwombea.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na akili mpya kabisa! Adui anapita kwenye mtandao. Basi mtandao usiwepo! Nikafika mapema, nikaomba dua, nikachomoa kebo. Walinzi walinitazama sana lakini adabu iliwafunga midomo. Kwa saa nzima hakuna Mshambulizi aliyegusa kitu. Niliimba.

Kisha simu zikaanza kulia. Kumbe kebo ile si ya seva yetu peke yake. Ni ya ghorofa nzima. Mkuu wa kitivo alikuwa katikati ya mkutano wa video na wageni wake. Akaganda kinywa wazi mbele yao, na walivyosema wao, aliganda vibaya. Alishuka ngazi mwenyewe. Katika miaka kumi na tisa sijamwona akishuka ngazi zile.

Vyeti naye alikuja kusimama mlangoni, mikono nyuma, kutazama msiba. Kwa sauti ya asali akasema amependa mbinu yangu, na kesho labda nichome jengo, hapo hata panya hataingia kwenye faili. Akamalizia kwa shikamoo mwalimu. Tumepishana miaka miwili!

Daktari hakugomba. Alisema usalama wa mtandao ni mafiga matatu: la siri libaki siri, la kweli lisichezewe, na mwenye haki alipate anapolihitaji. Mimi nimepiga teke figa la tatu. Ni maneno ya kuandikwa haya. Nimeyaandika kwenye kalenda ya jikoni. Kebo nimeirudisha.

Jumatano, 6 Machi

Siku yangu! Siku yangu!

Daktari alinipa dakika ishirini mbele ya makundi yote mawili, mkuu wa kitivo ameketi nyuma kabisa, bado na uso wa jana. Nikasema bismillahi moyoni, nikasimama.

Nikaanza na ruhusa. Nikawaambia nyumbani kwangu mpwa wangu ana ufunguo wa mlango wa mbele, wa kabati langu hana, na hatujagombana. Kila mtu apewe kinachomtosha kazi yake, basi. Nikaingia kwenye kusimba ujumbe. Nikawaambia utotoni mimi na dada tulizungumza kinyume mbele ya mama. Aliyasikia yote asiambulie hata neno, mpaka siku mdogo wetu alipomfundisha ufunguo. Walicheka, na wakaandika! Wanaandika maneno yangu mimi!

Nikamalizia na binadamu. Nikasema unaweza kufunga makomeo saba, lakini mwenye nyumba akiwa na mdomo mwepesi, mwizi haji na nyundo. Anakuja na hodi. Darasa likalipuka. Mkuu wa kitivo alitikisa kichwa, na safari hii kwa kukubali. Hata Vyeti aliandika kitu, nadhani kwa uchungu.

Msichana mmoja wa Washambulizi, mwembamba, miwani mikubwa, haongei mpaka wenzake wamembatiza Mkimya, akanyoosha mkono. Akauliza utamjuaje mwenye nia mbaya kama ana adabu. Nikamjibu utamjua tu. Ni uzoefu.

Alhamisi, 7 Machi

Mkimya amenitembelea maabara saa nane. Hodi shangazi, karibu mwanangu. Akachukua kitambaa bila kuambiwa akaanza kufuta skrini nami. Sasa mimi sikuzaliwa jana. Nilimwambia pale pale kwamba najua yeye ni wa upande gani, nimeapa, asipoteze muda. Akasema anaheshimu viapo. Akauliza hali ya goti langu. Goti langu! Watoto wangu wa kuwazaa hawaliulizi.

Kisha akauliza niliolewaje. Nikamsimulia. Kiatu, kisima, bwana harusi kaning'inia na ndoo, shemeji kamshika miguu. Hadithi si neno la siri. Hadithi hiyo hata muuza magazeti anaijua.

Akacheka taratibu, akavua miwani akaifuta.

"Shangazi, lile neno lina kiatu ndani yake?"

Hapo nilibanwa. Kulitaja siwezi, nimeapa. Kudanganya siwezi, ni dhambi. Nilitafuta mlango wa tatu nisiuone, nikanyamaza. Akaniambia kwa huruma kwamba kunyamaza ili mtu aamini uongo nako ni uongo. Mtoto ana dini huyu! Nikasema ndiyo. Kisima kimo? Ndiyo. Kiatu kinatangulia? Ndiyo. Maneno yameshikana, kila moja na herufi kubwa? Ndiyo. Na mwaka? Ndiyo, tarakimu mbili za mwisho. Linaishia na nukta? Hapana! Nilifurahi mno kupata hapana walau moja. Alama ya mshangao?

Ndiyo.

Lakini neno lenyewe sikulitaja. Nimerudi nyumbani na kiapo changu kizima kama yai. Nimeshukuru kwa rakaa mbili.

Ijumaa, 8 Machi

Saa tano na nusu Mkimya alisimama darasani akasoma kutoka kwenye daftari lake: "Mlango wa mwisho ni mtu." Ndiyo sentensi yenyewe. Ndiyo iliyokuwa kwenye faili.

Walinzi wangu wote kumi na wanne waligeuza shingo kunitazama. Nikasimama, nikaapa tena kwamba sikulitaja. Mkimya akanitetea, Mungu ambariki. Akasema ni kweli kabisa, shangazi hakulitaja. Aliulizwa maswali tu, na hakudanganya hata moja. Vyeti alicheka mpaka akatafuta kiti.

Machozi yalinilenga. Nikaona miaka kumi na tisa ya kusikiliza mlangoni inamwagika mbele ya watoto wa watu. Nikajipanga kwenda kuchukua ufagio wangu.

Lakini Daktari aliwauliza wanafunzi wameona nini. Ee! Walizungumza saa nzima na nusu. Waligombania chaki. Walichora ubaoni hatua zote za kuibiwa kwangu, mishale kulia na kushoto, na mimi katikati na kilemba. Mimi, ubaoni! Mkuu wa kitivo akasema hajaona somo likiingia vichwani namna hii. Nafasi hajapewa mtu. Daktari ameongeza mchezo mmoja mpaka Jumatano: faili jipya, na neno jipya nichague mimi peke yangu, hata Walinzi wasilijue.

"Likikaa, nafasi ni yako. Likivuja, ni ya mwenzako. Umeelewa lilivujia wapi?"

Nimemwambia nimeelewa kama nilivyoielewa sala yangu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefikiri tangu alfajiri na nimelipata kosa. Mimi niliapa, Mkimya hakuapa! Siri yenye kiapo upande mmoja ni mlango wenye bawaba moja. Kuanzia leo, anayeuliza aape kwanza. Neno jipya nimeshaliweka, na ni zuri mno.

Saa nne, hodi. Vyeti! Kwangu! Na mfuko wa machungwa. Akaomba radhi kwa ile habari ya kuchoma jengo. Akaniita dada. Amechoka na ushindani, anataka tushirikiane kama watu wazima. Ila kuna jambo linamsumbua: mtu mwenye kipaji kama changu, safari hii amechagua neno gani? Kwa kujifunza tu.

Nikamwambia bila kiapo, hapana. Nilikuwa imara kama nguzo.

Akainua mkono wa kulia, akaapa hatamwambia mtu yeyote, si mwanafunzi, si mkewe, mpaka kaburini. Sijawahi kuona uso mnyenyekevu vile. Nikachunguza kila upande, sikuona mwanya.

Na mimi kwa kuwa kiapo changu cha kinywa bado kipo, sikulitaja. Nimemwandikia.

Kumbe ni mtu mwema. Chai tu hakuimaliza, alikuwa na haraka ya kuwahi chuoni. Na leo ni Jumamosi! Mchapakazi kweli kweli.