Hatua Kumi na Moja Hadi Barazani

Jumatatu, 3 Machi

Nimepima tena kabla ya kahawa. Hatua kumi na moja kutoka maji yanapofika hadi ngazi ya baraza. Krismasi zilikuwa kumi na sita! Naogopa. Akiba yote ya miaka thelathini ya kuuza mazulia iko juu ya nguzo za nyumba hii.

Jioni, mkutano wa kamati ya ufuo. Habari njema: serikali kuu imekubali kulipa nusu ya gharama za kuandaa mpango wa kurudisha mchanga uliochukuliwa na bahari, nusu nyingine ni ya mji wetu. Nikapiga makofi, peke yangu. Kisha Meya Midgett akasoma sharti. Serikali haimwagi mchanga kwa fedha ya wote mahali ambapo wote hawafiki. Kila nusu maili lazima pawe na njia ya umma ya kwenda ufuoni, na mahali pa kuegesha magari. Kipande kisicho na njia kinaondolewa kwenye mpango.

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Jirani yangu Verna Tillett ndiye aliyeanza.

Haya, ni kweli. Kati ya uzio wangu na wake kuna njia ya umma. Ilikuwepo. Miaka sita iliyopita nilipanda vichaka kuiziba, nikaweka na kibao: NJIA BINAFSI. MBWA MKALI. Hatuna mbwa. Lakini watu walikuwa wanapita na maboya yao wakinikodolea macho nikila mayai!

Jumanne, 4 Machi

Nimepata akili. Kazi za kujitolea za wananchi zinahesabiwa kama malipo kwenye ile nusu ya mji. Nimejitolea kuchora ramani ya njia. Meya alishukuru mno, akasema kumbe hata Lamar Pruitt ana moyo. Mke wangu Lorna aliponiona na rula akauliza safari hii namchimbia nani. Nikaendelea kuchora.

Kwenye ramani, njia nimeisogeza kidogo mashariki. Sasa inakatiza bustani ya Verna, juu kabisa ya beseni lake la kuogea ndege. Naye aonje.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Verna amekuja kwenye kamati na hati ya mwaka 1961, muhuri wa mji na kila kitu. Marehemu baba yake ndiye aliyeitoa ile njia kwa umma, na mchoro unaonyesha inapita pale pale penye vichaka vyangu. Akaitandaza juu ya ramani yangu, akasema, "Lamar jirani yangu, hata beseni la ndege limekukosea nini?" Watu walicheka hadi wakakohoa.

Meya akanivuta pembeni. Mkaguzi wa serikali kuu anakuja Jumatatu. Kipande chetu kina nyumba kumi na nne, na zote zinategemea vichaka vyangu. Kikiondolewa, alisema, yeye hataweza kunikinga na majirani.

Hatua kumi. Lorna kapika kamba na uji mzito wa mahindi, chakula ninachokipenda kuliko vyote. Nimemwachia sahani yote.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekata vichaka tangu asubuhi. Mikono imejaa malengelenge. Verna alikaa barazani kwake na chai yake ya barafu, akinionyesha kwamba nimesahau pale. Na pale. Kibao nimekificha gereji.

Shida moja: njia inaonekana mpya. Mkaguzi akiuliza nani anaitumia? Nimetangaza mtandaoni: Jumatatu saa nne asubuhi, mikate ya samaki wa kukaanga, bure, kwa yeyote atakayepita njia ya Pruitt na kiti chake cha ufuoni. Nategemea watu ishirini hivi.

Jumatatu, 10 Machi

Mia mbili! Magari yalijaza barabara, yakapanda kwenye majani yangu. Samaki waliisha saa nne na robo. Mzee mmoja mwenye mshipi wa kuvulia akaniuliza mbwa alikufa lini. Nikasema juzi. Akavua kofia, akanipa pole.

Mkaguzi, Bi. Oyler, alifurahi sana. Akaandika kwamba njia ipo na inatumika. Kisha akahesabu magari kwenye majani yangu, akasema kumbe na maegesho yapo, ya magari kumi na mawili. Nikafungua kinywa nikanushe. Verna akaniwahi: "Ndiyo mama, Bwana Pruitt huyu hanaga choyo. Miaka yote ndivyo alivyo!"

Mbele ya majirani kumi na watatu ningesema nini? Karatasi ikaletwa. Njia na maegesho, wazi kwa watu wote, miaka hamsini. Wimbi likapiga karibu na ngazi. Nikatia sahihi.

Jumatano, 12 Machi

Tumo kwenye mpango! Lakini kumbe ni mpango tu. Uchunguzi miaka mitatu, mchanga baadaye. Nikamuuliza Meya kama hatua tisa zitatosha miaka mitatu. Akasema tumwombe Mungu.

Verna kaleta pai ya limau. Akasema ameizoea hii nyumba yangu mbaya, asingependa kuiona ikielea. Nusura nilie. Nimekula vipande vitatu.

Ijumaa, 14 Machi

Tangu asubuhi familia nne zimeegesha kwenye majani yangu. Mama mmoja amepanda hadi barazani kuniomba chumvi ya mayai yake!

Nimeusoma mkataba mara tatu. Unakataza kufunga njia. Unakataza kibao cha kusema ni mali ya mtu. Lakini nyoka haukuwataja popote. Na mkaguzi anarudi mara moja tu kwa mwaka, kila Machi. Machi ijayo kibao kinaweza kupumzika gereji.

Nimekipaka rangi upya: KARIBUNI NYOTE. ANGALIENI NYOKA. Nimekipigilia mwisho wa njia, upande wa bahari, nikaingia kunawa rangi. Niliporudi kukitazama, maji yalikuwa yamekizunguka. Nikapima kutoka pale hadi ngazi. Hatua nane.

Kesho nitakisogeza karibu na nyumba.