Mluzi wa Jawahir

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Vali ya turbo ya gari langu imefika. Imesafiri kutoka Nairobi kwenye buti la basi, ndani ya katoni ya biskuti. Nimemwambia mke wangu Safiyo ni chujio la maji ya kunywa. Ameitazama katoni, akanitazama mimi, akarudi jikoni. Mimi huyo, mbio hadi gereji.

Fundi wangu Jarso ameifunga kwa saa moja. Kazi ya vali hii ni moja tu. Unakanyaga mafuta mpaka turbo ijae upepo, unaachia ghafla, gari linapiga mluzi. Fiiiuuu. Mrefu, unapanda, halafu unashuka taratibu. Machozi yamenilengalenga. Jarso akauliza kama sasa gari litakwenda kasi zaidi. Hapana. Litakunywa mafuta kidogo? Hapana. Akaenda kunawa mikono. Watu waliokulia Wajir hawajui raha.

Subaru yangu inaitwa Jawahir. Rangi ya buluu, ya mwaka 2002. Nimeishusha hadi kidole hakipiti kati ya tairi na bodi. Viti vya nyuma nimeving'oa kupunguza uzito. Viko sebuleni. Wageni wanavikalia na kulalamika magoti yanagusa kidevu.

Jioni Safiyo akatoa uamuzi. Atajifungua Novemba, na gari la watu wawili halibebi watatu. Kaka yake Abdilatif yuko tayari tubadilishane: achukue Jawahir, atupe Probox. Kwa nini aitake? Ana mteja anayehitaji injini. Injini tu! Mengine yatauzwa kipande kipande. Nikabembeleza mpaka sauti ikakauka. Mwisho tumekubaliana hivi: Ijumaa baba yake, Mzee Kulow, ninayemwita Adeer, yaani ami, anakuja kuwatafuta ngamia wake wawili waliopotea upande wa Modika. Nitamzungusha mimi. Akisema gari ni zuri, Jawahir anabaki. Asiposema, Probox.

Mzee huyo hajawahi kusifu kitu chenye magurudumu. Nina siku nne.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeenda kufanya mazoezi kwenye lami ya Modika. Gia ya pili, ya tatu, achia. Fiiiuuu. Ngamia watatu wakatokea vichakani wakaja kusimama kando ya barabara, shingo ndefu, wananitazama. Nikapiga tena. Wakasogea.

Hata ngamia wanajua gari. Abdilatif akapita na Probox yake, watu saba na mbuzi wanne, akanipungia mkono kama anamuaga maiti. Nimemhurumia.

Jumatano, 10 Septemba

Nimerudi na simu nijirekodi. Nimepiga mluzi mara tano. Ngamia kumi na wanne. Wamelizunguka gari lote, mmoja akaramba boneti, mwingine akaingiza kichwa dirishani na kuninusa kofia. Niliketi robo saa bila kupumua vizuri.

Nimeshajua. Abdilatif amepaka gari langu chumvi. Ngamia hupenda chumvi, kila mtoto wa Garissa anajua, na jana lilikuwa limeegeshwa nje ya duka lake. Hila za kitoto. Nimekwenda kumwambia hivyo mbele ya wateja. Akacheka hadi akashika kaunta. Nimenunua maji ya mkokoteni wa punda, nimeosha gari mara tatu.

Alhamisi, 11 Septemba

Gari safi linang'aa. Nikaenda kuhakikisha. Ngamia ishirini na mmoja!

Safari hii walikuwa na mchungaji, mtu mzima anaitwa Tadicha. Amekuja na fimbo mabegani na amekasirika. Akauliza ninawaita wanyama wake kwa nini. Nikasema sijamwita mtu. Akaweka vidole mdomoni akapiga mluzi, mrefu, ukapanda, ukashuka taratibu. Ngamia wote wakageuza vichwa. Akasema huo ndio mluzi wa kunyweshea, wanapigiwa kwenye birika la kisimani tangu wakiwa wadogo, wakiusikia wanajua maji yapo. Na mimi nimewaita siku tatu mfululizo, kiangazi hiki, bila tone. Akauliza mimi ni mtoto wa nani.

Nimezaliwa Garissa, nimeuza vifuniko vya simu maisha yangu yote. Ningejuaje? Nilikuwa na jerikeni moja ya lita ishirini. Wamekunywa, kisha wakanitazama. Nimeona aibu kweli.

Basi vali itoke. Gereji imefungwa. Jarso amekwenda Wajir harusini, anarudi Jumamosi, na spana zake amefungia ndani. Kumwomba radhi Abdilatif kwa ile chumvi? Nitafikiria.

Ijumaa, 12 Septemba

Niandike yote kabla sijasahau.

Mpango ulikuwa mzuri. Nimwendeshe Adeer polepole, turbo isijae, mluzi usilie, ngamia wa watu wasitusonge. Baada ya swala nikamfungulia mlango. Kiti cha mashindano kiko chini mno. Alishuka, akashuka, akashuka, hadi nikaona kilemba tu. Nikamwambia, Adeer, hiki kiti ni cha Kijapani. Akasema Mungu awasaidie Wajapani.

Kilomita thelathini kwa saa. Mkokoteni wa punda ulitupita. Mwenye punda alitusalimu na kuulizia hali za nyumbani, tena kwa kirefu. Adeer alikuwa anatazama vichaka. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mmoja wa wale ngamia wawili ni urithi wake kutoka kwa mama yake, na hajalala vizuri tangu Jumapili. Siku nne nimewaza gari tu.

Hapo ndipo Probox ikatokea nyuma, honi juu. Abdilatif akatupita akicheka, mkono nje ya dirisha.

Mimi ni binadamu. Gia ya pili. Ya tatu. Jawahir akanguruma, tukampita shemeji kama amesimama, na kwa furaha nikaachia mafuta. Fiiiuuu.

Nikajua nimekwisha. Nikaanza kuomba msamaha. Adeer akanishika mkono akasema nirudie. Nikarudia. Akasema nisimamishe gari nirudie nikiwa nimesimama. Inawezekana, ukijua kucheza na mafuta. Nimepiga mluzi mpaka mguu ukafa ganzi. Ngamia wa watu wakaja kwanza, na Tadicha nyuma yao, fimbo juu. Na nyuma ya Tadicha, wamekonda, wanatembea polepole, wawili wenye alama ya Adeer shingoni.

Mzee alijivuta kutoka kitini peke yake. Aliwashika shingo, mmoja huku, mmoja huku, akalia waziwazi. Kisha akapiga boneti kwa kiganja. Akasema gari zuri. Mbele ya Abdilatif! Mbele ya Tadicha! Nimemwomba arudie nimrekodi, akakataa.

Nimeshinda.

Jumapili, 14 Septemba

Ninaandika nikiwa kisimani, Modika. Adeer amesema gari zuri namna hii halifai kukaa mjini, na ngamia wake arobaini na watatu wanakunywa vizuri zaidi wakipigiwa na Jawahir. Mpaka mvua zije. Baba mkwe akikuomba, unamwambia nini? Nimesema, naam, Adeer.

Safiyo hakucheka. Alikaza midomo tu. Alikwenda kliniki kwa Probox ya Abdilatif, ambayo itakaa kwetu kwa muda huo, maana mimi sina gari. Viti vyangu vya nyuma vimerudishwa kwenye Jawahir ili Adeer apumzike kivulini.

Shida moja tu. Wale ngamia wa mwisho kwenye foleni, kule kwenye miti, hawasikii vizuri. Nimeshampigia yule jamaa wa Nairobi. Ana vali kubwa zaidi, ya milio miwili. Inafika kesho kwa basi.

Nimemwambia Safiyo ni chujio la pili.